Usaha wa Jipu Usimwagwe

Mtaalamu wa maabara anachukua kibomba cha kioo chenye plazma ya damu ya sungura, anachanganya humo bakteria waliooteshwa kutoka kwenye usaha wa mgonjwa, kisha anakiweka kwenye inkubeta yenye joto linalokaribia la mwili. Yakipita masaa manne anakiinamisha taratibu. Plazma ikiwa imeganda kama uji uliolala, ana karibu uhakika kwamba aliyemshika ni Staphylococcus aureus, yule stafu wa majipu, wa mifupa yenye usaha na wa damu iliyoingiwa na vijidudu.

Sasa tuseme zamu imekwisha na kibomba kimeachwa hadi asubuhi. Anaweza kukuta maji matupu. Baadhi ya stafu hutoa kimeng'enya cha pili, stafilokinesi, kinachoyeyusha usiku lile donge walilolifanya wenyewe jioni. Asiyekisoma kibomba kwa wakati ataandika kwenye fomu kwamba hakuona Staphylococcus aureus, atatia sahihi, na daktari ataamini.

Stafu asiyefuata kitabu si kioja cha wasomi. Ni mgonjwa halisi anayepewa dawa isiyomfaa. Na kama kuna mahali duniani pangepaswa kuwa pamelielewa hilo mapema, ni Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya Minnesota ambako Waafrika Mashariki kwa maelfu wamehamia, na ambako bakteria huyu amewahi kuwaumbua madaktari zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa 1980. Wanawake vijana wenye afya njema walikuwa wakianguka ghafla, homa kali, shinikizo la damu chini, ngozi nyekundu kama waliochomwa na jua. Minnesota, Wisconsin na Iowa zilifanya uchunguzi wa pamoja, na mmoja wa waliouongoza alikuwa Michael Osterholm wa Idara ya Afya ya Minnesota. Wagonjwa walihusishwa na visodo vya kuingiza ukeni, hasa vile vyenye uwezo mkubwa wa kufyonza, na Septemba mwaka huohuo kampuni ya Procter & Gamble iliondoa sokoni visodo vyake vya Rely. Mkosaji alikuwa stafu, lakini si kila stafu. Ni wale tu wenye jeni ya sumu maalumu, sumu ambayo Patrick Schlievert aliichunguza kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Jina la bakteria lilikuwa lilelile la siku zote. Tofauti ilikuwa ndani, mahali ambapo hadubini haifiki.

Mara ya pili iliuma zaidi.

Julai 1997 msichana wa miaka 7 alilazwa hospitalini Minnesota akiwa na homa ya zaidi ya nyuzi 39 na maumivu ya kinena. Kiungo cha nyonga kilikuwa kimejaa usaha. Kilisafishwa, naye akapewa cefazolin, dawa ya jamii ya sefalosporini, ambayo daktari yeyote makini wa siku zile angeichagua. Alifariki baada ya wiki tano. Januari 1998 mtoto wa miezi 16 alifikishwa hospitalini Dakota Kaskazini akiwa hoi, na hakumaliza hata masaa mawili. Januari 1999 akafuata msichana wa miaka 13 wa vijijini Minnesota, aliyeanza kwa kukohoa damu. Februari ikawa zamu ya mvulana wa mwaka mmoja, tena Dakota Kaskazini.

Wote wanne walikuwa na MRSA, yaani stafu sugu kwa methicillin na kwa ukoo mzima wa penisilini na sefalosporini. Kwa wakati ule MRSA ilihesabiwa kuwa mali ya hospitali. Ilimpata mzee aliyelazwa muda mrefu, mwenye mipira ya mkojo na mishipa iliyotobolewa mara nyingi. Watoto hawa hawakuwa na historia hiyo. Walitoka majumbani kwao.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala haya. Bakteria wa watoto hao hawakumwagwa. Walihifadhiwa, wakalinganishwa, na tarehe 20 Agosti 1999 taarifa ikatoka katika jarida la kila wiki la CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Ilionekana kwamba stafu hawa walikuwa ndugu kati yao, na hawakufanana na wale wa wodini. MRSA wa wodini kwa kawaida ni sugu kwa dawa nyingi za makundi tofauti. Hawa walikuwa sugu kwa jamii ya penisilini na ndugu zake tu. Dawa nyingine zote zilizojaribiwa ziliwaua. Kwa maneno mengine, dawa zilikuwepo kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kujua mapema ni stafu gani aliyeingia mlangoni.

Ulinganisho wenyewe ulifanywa kwa ufundi ambao leo unaonekana wa kizamani, ingawa una uzuri wake. Bakteria hufungwa ndani ya vipande vidogo vya jeli, ganda lao huyeyushwa, kisha kimeng'enya kiitwacho SmaI huikata DNA yao mahali pachache tu. Vipande hivyo vikubwa huburutwa ndani ya jeli nyingine kwa umeme unaobadilisha mwelekeo kila baada ya muda, kama mtu anayemvuta punda mkaidi mara kulia mara kushoto mpaka asogee. Mwishoni, chini ya mwanga wa urujuanimno, hutokea ngazi ya mistari mfano wa ile iliyochapwa kwenye pakiti za dukani. Mistari ikilingana au ikipishana kidogo, ni ndugu. Ikipishana sana, kila mmoja na kwao. Kazi hiyo yote huchukua siku kadhaa na mikono mitulivu.

Kwa njia hiyo CDC ilizipa koo za MRSA za Marekani majina makavu ya kiofisi mwaka 2003: USA100 wa hospitalini, USA300, USA400 na wenzao. Stafu wa yule mtoto wa miezi 16 aliingia kundi la USA400. Alipewa jina la maabara, MW2, akasafirishwa hadi Japani, na 2002 timu iliyokuwa na Keiichi Hiramatsu ikachapisha jenomu yake nzima katika jarida la Lancet, herufi milioni 2.8. Walipomlinganisha na stafu wa hospitalini waliokwisha kusomwa, walimkuta na jeni 19 za ziada za ukali. Usugu wake ulikuwa umebebwa kwenye kipande kifupi cha DNA, mzigo mwepesi usiomchosha mbebaji. Ndiyo maana aliweza kukimbia mtaani.

Minnesota haikungoja jenomu hiyo. Kuanzia 2000 Idara ya Afya iliweka ufuatiliaji katika hospitali 12, na maabara zao zikawa zinapeleka bakteria kwa uchunguzi. Matokeo ya mwaka huo wa kwanza, yaliyotoka katika jarida la JAMA 2003, yanafaa kusomwa polepole. Katika maambukizi 1,100 ya MRSA, 131 yalikuwa ya mtaani. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 23. Wa hospitalini ulikuwa 68. Robo tatu ya wa mtaani walikuwa na majipu na vidonda vya ngozi. Hayo ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja. Na miaka michache baadaye ufuatiliaji huohuo ukaonyesha kwamba USA400 anapungua na nafasi yake inachukuliwa na USA300, bila mgonjwa hata mmoja kuhisi kwamba zamu imebadilishwa. Mgonjwa angehisi vipi? Jipu ni jipu.

Hapa ndipo msomaji wa Brooklyn Park anapohusika. Kitongoji hicho cha kaskazini mwa Minneapolis, pamoja na jirani yake Brooklyn Center, kina Wakenya wengi, wengi wao wenye asili ya Kisii, na wengi wanafanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Mama anayemgeuza mzee kitandani saa tisa za usiku anashika ngozi ambayo huenda imebeba stafu wa hospitali. Alfajiri anarudi nyumbani kwa gari lililoganda barafu, anamwogesha mtoto anayekwenda shule, na mtoto huyo analala na kaka yake anayecheza mpira na kubadilishana taulo na wenzake. Wiki mbili baadaye mtoto ana uvimbe mwekundu pajani, wenye moto, wenye kichwa cheusi katikati. Marekani watu wana neno lao la haraka kwa uvimbe huo: husema wameumwa na buibui. Madaktari wamelisikia mara nyingi kiasi kwamba kwao ni dalili ya MRSA karibu sawa na homa.

Nani alileta? Katika nyumba nyingi jibu huwa tayari kabla ya kipimo: mama, kwa sababu ndiye anayeshika wagonjwa. Kazini nako lawama hushuka ngazi mpaka kwa msaidizi wa zamu ya usiku, ambaye mara nyingi ndiye mgeni katika nchi. Lakini USA100 na USA300 hawafanani katika jeli wala katika jenomu. Maabara ikiwatazama inaweza kuonyesha kwamba stafu wa mtoto ni wa mtaani, na mzee kule kwenye nyumba ya wazee ana ukoo mwingine kabisa. Kutambua ukoo wa bakteria humsafisha mtu jina, faida ambayo wahasibu wa hospitali hawaiandiki popote.

Wahasibu hao wana hoja yao, na ni haki isikike. Jipu dogo hupona likipasuliwa na kukamuliwa. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, IDSA, wa 2014 unapendekeza usaha uoteshwe, lakini unakubali kwamba jipu la kawaida linaweza kutibiwa bila hivyo. Kujua ukoo hakubadilishi sana matibabu ya huyu aliyelala mezani. Jibu la ukoo huja siku kadhaa baadaye, mwenyewe amekwisha kurudi kazini. Yote ni kweli. Udhaifu wa hoja hiyo uko kwenye neno "kawaida". Nyonga ya yule msichana ilionekana ya kawaida Julai 1997. Anayeamua kwamba jipu ni la kawaida kabla ya kulichunguza anatumia kumbukumbu ya wagonjwa wa mwaka jana, na stafu wa mwaka jana huenda amekwisha kuhama.

Tena "kawaida" ya maabara ina mitego mingine mbali na kile kibomba cha plazma. Rangi, kwa mfano. Alexander Ogston wa Aberdeen aliwaona bakteria hawa mwanzoni mwa miaka ya 1880, wamekaa kama mashada ya zabibu, na 1884 Mjerumani Rosenbach akawagawa kwa rangi ya makundi yao: wa dhahabu na weupe. Kila mwanafunzi wa maabara kutoka Muhimbili hadi Minneapolis amefundishwa kutazama dhahabu hiyo. Halafu huko kaskazini mwa Australia wakapatikana stafu wasio na dhahabu kabisa, weupe kama maziwa, waliokuwa wakihesabiwa ukoo wa pembeni wa aureus. Mwaka 2015 walitambuliwa rasmi kuwa spishi yao wenyewe, Staphylococcus argenteus, stafu wa fedha. Hata mashine ya kisasa ya MALDI-TOF, inayowapiga bakteria kwa leza na kupima uzito wa protini zao kwa dakika chache, iliwachanganya na wa dhahabu mpaka kumbukumbu zake ziliporekebishwa.

Kuna pia stafu wa mbwa. Mjini Saint Paul, kwenye kampasi ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Minnesota, maabara ya uchunguzi wa wanyama hupokea sampuli za masikio na ngozi za mbwa wenye Staphylococcus pseudintermedius, spishi iliyopewa jina lake 2005 tu. Naye huigandisha plazma ya sungura. Akiingia kwa mtu kupitia jeraha la kung'atwa, maabara yenye haraka itamwita aureus. Kosa hilo lina gharama: diski ya dawa ya cefoxitin, inayotegemewa kufichua usugu wa aureus, haiaminiki kwa stafu wa mbwa, ambaye hupimwa kwa oxacillin. Jina likikosewa, kipimo cha dawa nacho kinakosewa, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana safi.

Mwaka 2011 Uingereza na Denmark ziliongeza mtego mwingine. Kulikuwa na stafu waliokataa kufa kwa cefoxitin, lakini kipimo cha jeni ya usugu, mecA, kilisema hawana. Walikuwa na jeni binamu, ambayo sasa inaitwa mecC, tofauti kiasi cha kukiponyoka kipimo. Kinyume chake pia kipo: stafu aliyebaki na mabaki ya kipande cha DNA cha usugu bila jeni yenyewe, na mashine ikamtangaza sugu huku akifa kwa dawa ya kawaida. Katika hali zote hizo aliyegundua mambo ni mtu aliyeona majibu mawili yanapingana, akakataa kuchagua lile linalompendeza.

Minnesota imejaribu kuigeuza tabia ya kutomwaga bakteria kuwa kanuni. Stafu aliyeanza kuishinda dawa ya vancomycin, au kifo na ugonjwa mahututi unaosababishwa na stafu wa mtaani kwa mtu aliyekuwa mzima, ni lazima viripotiwe kwa Idara ya Afya, na bakteria wenyewe wapelekwe. Si ripoti tu, kibomba chenyewe. Maabara ya Afya ya Umma, iliyokuwa zamani Minneapolis katika mtaa wa Delaware na sasa iko katikati ya Saint Paul kwenye jengo inalotumia pamoja na Idara ya Kilimo, huwapokea na kuwachunguza. Kanuni hii inastahili sifa, ila imewekewa mlango mwembamba: inamngoja mtu afe au alazwe mahututi. Stafu wa ajabu aliyeko kwenye jipu la mfanyakazi wa ghalani haingii. Ingefaa miji hii miwili, yenye fedha na mashine za kusoma jenomu, ichukue walau sampuli chache za majipu ya kawaida kila mwezi kutoka kliniki zinazohudumia wahamiaji, izisome, na majibu yarudi kliniki hizohizo kwa lugha wanazozungumza, Kiswahili kikiwemo.

Na huko nyumbani? Tanzania ilipokuwa ikisikia kila siku habari za kutumbua majipu, baada ya uchaguzi wa 2015, neno lilikuwa la siasa na watumishi wa umma ndio waliokuwa usaha. Hakuna aliyeuliza usaha halisi unakwenda wapi. Jibu, katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, ni kwamba hufutwa kwa pamba na kutupwa, kisha mgonjwa anaandikiwa dawa ya kubahatisha.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, wameonyesha kinachopatikana pamba hiyo isipotupwa. Utafiti wa Nyambura Moremi, Stephen Mshana na wenzao, uliochapishwa 2012, uliwachunguza stafu wa vidonda na majipu na kukuta MRSA wa ukoo wa ST88 wakitawala, pamoja na ukoo mpya ambao ulikuwa haujawahi kuandikwa, ukapewa namba ST1797. Namba hizo hutokana na kusoma jeni saba za bakteria na kuzilinganisha na orodha ya dunia. Kwa hiyo jipu la Mwanza si jipu la Minneapolis. Septrini, dawa ya bei nafuu ambayo madaktari wa Marekani huitoa kwa MRSA wa mtaani na mara nyingi ikafanya kazi, kwetu imetumiwa kila siku kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na hakuna anayepaswa kudhani kwamba bado ina nguvu ileile. Mwongozo wa matibabu ulionakiliwa kutoka Minnesota ukabandikwa ukutani Sengerema ni karatasi nzuri kwa stafu wasiokuwepo Sengerema.

Mashine nyingi tayari zipo. GeneXpert zilizonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu zina katriji ya MRSA. Vifaa vya kusoma jenomu vilivyotumika wakati wa UVIKO-19 havikuyeyuka. Kinachohitajika zaidi ni kitu cha aibu kidogo kukitaja kwenye hotuba ya bajeti: friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri yenye umeme usiokatika, daftari linalosema nani alitoka wapi na lini, na mtu anayelipwa mshahara kulitunza. Wenye maduka ya samaki wa Mwaloni, Mwanza, wanajua thamani ya friza isiyozimika kuliko wizara nyingi.

MW2 bado yuko hai. Mkusanyo wa bakteria wa ATCC, Marekani, unamuuza kwa namba BAA-1707, amekaushwa ndani ya kichupa, na maabara yoyote yenye kibali na fedha inaweza kumwagiza, ikamwotesha usiku kucha kwenye sahani ya damu ya kondoo na kumtumia kupimia usahihi wa mashine zake. Amekwisha kutumiwa kufundishia kizazi kizima cha wataalamu ambao hawajawahi kukanyaga Dakota Kaskazini, kwa sababu Januari ile ya 1998, baada ya mtoto kufariki, kuna mtu alikitia alama kibomba chake na kukiweka kwenye baridi.